Aliyemshika Colby Asipae

Kila Alhamisi jioni Colby Strickland aliwalipia chakula walinzi wake watano. Ndiyo desturi ya mpira wao, ule wa mikono na helmeti: mrushaji ndiye anayepata sifa, basi angalau awashibishe wanaozuia asivunjwe mbavu. Walikula kwa Bi Odessa, nyuma ya chuo, kule Alabama, nyama ya nguruwe ya kuchoma na maharage ya sukari, sahani juu ya sahani. Siku Colby aliposaini mkataba wa matangazo na muuza magari wa mjini, aliinuka kwenda kulipa na nyayo zake hazikugusa sakafu. Bi Odessa akazima feni ya darini, akapokea kadi, akauliza kama kuna anayetaka mkate zaidi.

Aliyeona kabla ya wote ni Dontrell Gaither, mlinzi wa kushoto, maana yeye Colby hakumtoa machoni. Kazi yake chuoni, tangu mwaka wa kwanza hadi huu wa mwisho, ilikuwa kusimama upande ule ambao mrushaji hauoni na kupokea vishindo vya watu wanaokuja kumwangusha mwenzake. Na tangu wachezaji wa vyuo waruhusiwe kulipwa kwa ajili ya sura zao, Dontrell aliongeza kazi ya pili, nayo ni kumwonea Colby wivu. Aliifanya kwa bidii ile ile. Sura ya Colby ilikuwa kwenye mabasi, kwenye mabango, hadi kwenye chupa za sosi. Sura ya Dontrell ilikuwa ndani ya helmeti, na sura ya ndani ya helmeti haiuzi hata soksi.

Aliwahi kulisema hilo kwa kinyozi. Kinyozi alicheka mpaka akainua mashine.

"Unasoma bure, unakula bure, unalala bure. Sasa wewe bwana unataka ulipwe hata ukipiga chafya?"

"Colby naye anasoma bure, mzee. Mbona yeye hamumwulizi?"

Kinyozi akamwambia atulize kichwa.

Kufika Oktoba Colby alikuwa anaelea usawa wa meza, na kila mkataba mpya ulimpandisha. Kocha Rudd, mtu ambaye hajawahi kuacha mazoezi kwa sababu ya mvua wala msiba, aliagiza ushonwe mkanda imara. Ncha moja ilifungwa kiunoni kwa Colby, nyingine kwenye mkono wa Dontrell, kwa kuwa Dontrell yuko karibu naye siku zote. Waamuzi waliupima mkanda, wakapekua sheria, hawakukuta neno.

Wiki hiyo hiyo Dontrell akaanza kuwa mzito. Hakunenepa, suruali zilimkaa vilevile, ila mizani ya chumba cha mazoezi ilipanda kila Jumatatu na miguu yake ikawa inazama kwenye nyasi. Mtunza uwanja alilalamika juu ya mashimo. Daktari wa timu alimsikiliza moyo, akamshauri apunguze mkate. Kocha alimwambia anyanyue miguu.

Yote hayo Dontrell angeyameza. Kilichomnyima usingizi ni mama yake. Vernell Gaither alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchinja kuku, zamu yake ni Jumamosi, siku ya mechi, na hakuwahi hata mara moja kumwona mwanawe akicheza. Kwenye televisheni kamera hufuata mpira. Kila baada ya mechi alipiga simu kuuliza, kwa upole kabisa, kama leo walimpanga.

Mechi ya mwisho ya nyumbani wachezaji wanaomaliza chuo huingia uwanjani na wazazi wao. Dontrell alimbembeleza mama yake aombe ruhusa, akapewa.

"Nitazame mimi, mama. Namba sabini na nne. Usiangalie mpira."

"Nikuangalie wewe tu," mama akakubali.

Usafiri hakuwa nao. Colby alisikia, akamtumia gari la yule muuza magari, lenye picha yake mlangoni. Alifanya kwa moyo mweupe, na hapo ndipo pabaya, maana mtu mbaya kumchukia ni rahisi. Vernell aliposhuka, amevaa koti la njano, alimkumbatia mwanawe, kisha akaunyanyua mkono akashika wa Colby pale juu alipokuwa.

"Wewe ndiye unayemlisha Dontrell kila Alhamisi? Ahsante, mwanangu."

Mabango Dontrell alikuwa tayari kumwachia Colby, na magari pia. Hilo la mwanangu, la.

Mechi ilikwenda vibaya. Zikiwa zimebaki dakika chache walikuwa nyuma, na Colby akarudi nyuma kurusha.

"Kaka, nishike vizuri," alisema. "Leo kuna upepo."

Dontrell, amezama mpaka magotini, aliangalia jukwaani. Alilipata koti la njano. Uso wa mama yake ulikuwa umeelekea juu, kwa Colby. Basi Dontrell akafungua mkanda.

Colby alipanda kimya na mpira wake mkononi. Wapinzani waliacha kukimbia wakamtazama, na uwanja mzima ukasimama. Dontrell alikusudia kumwacha aende zake. Lakini mikono iliyofundishwa miaka yote ile haimwulizi mwenyewe. Aling'oa miguu ardhini, akaruka, akamdaka kifundo cha mguu, na goti lake likalia kama kuni kavu. Kutoka kule juu Colby alimwona mwenzao aliyesahauliwa na kila mtu, akamrushia, wakashinda.

Mkanda walimfunga mlinzi mwingine. Kabla jua halijazama kampuni tatu zilikuwa zinamtafuta Colby kwa ajili ya picha ya kupaa kwake. Picha ilikatwa juu ya kifundo, ikawa safi zaidi. Daktari alimwekea Dontrell barafu, akamwambia mpira ndiyo basi. Kocha Rudd alimpa mkono, akamkumbusha kurudisha ufunguo wa kabati.

Alikuwa ameketi peke yake benchini, miguu ya benchi imezama kwenye nyasi, mama yake alipomfikia.

"Umeona, mama?"

"Nimeona. Amepaa vizuri yule kijana." Alipangusa macho kwa kiganja. "Na wewe ulikuwa wapi wakati ule? Nilikutafuta."

"Chini yake, mama."

Vernell alifikiri kidogo. Akasema pole, huko chini hakuangalia. Kisha akaketi kando yake, akamshika mkono, na benchi likazama kidogo tena.