Maombi ya Saa Nne

Mdomo uliponza kichwa, na Bamurange aliponzwa na wake mwenyewe. Nani alimtuma Jumapili asimame kanisani, mbele ya watu wote wa mtaa wao wa Iroquois, atangaze kwamba Jumatano saa nne asubuhi atafanya mtihani wa kazi ya kutunza wazee, kwa kompyuta, nyumbani, na kwamba anaomba maombi? Haya, maombi akapewa. Yalimjia kwa simu.

Na simu ndiyo iliyokuwa intaneti ya nyumba. Kompyuta ilivuta kutoka simu yake, na simu ile haikuweza mambo mawili kwa pamoja: ukimpokea mtu, intaneti inakatika mpaka mumalize kuongea. Mtihani nao ulikuwa na sheria yake: ukikatika mara tatu, unafungwa, urudi baada ya miezi sita. Miezi sita mingine ya kubeba maboksi ghalani, na huo mgongo wake! Hapana, alikuwa amechoka.

Swali la nane, simu. Mzee Rugaba, baba mdogo wa mumewe, kutoka Whitehall, kule Columbus. Simu ya mzee haiachwi ilie. Akapokea.

"Bamurange, mwanangu, muko wazima? Na watoto? Na mumeo Karaha? Bon, haya, tufunge macho."

Utamkataje mtu anayesali? Alifunga jicho moja, la pili likabaki kwenye kompyuta iliyokwama. Mzee alianzia kwenye uumbaji wa dunia. Dakika kumi na moja, jamani!

Swali la ishirini, simu tena: Mama Mizero wa kwaya, anayeishi ghorofa ya juu, ngazi ile ile moja.

"Nilitaka tu kujua kama umeshaanza."

"Nimeanza, Mama Mizero! Niacheni nimalize!"

Hiyo ilikuwa mara ya pili kukatika.

Yalipobaki maswali matano, simu tena. Kutoka mji wa Buffalo. Kanyange, mama mkwe wake. Miaka kumi na mitatu ya ndoa, hajawahi kuiacha simu ya mkwewe ilie. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Akaigeuza kifudifudi.

"Unisamehe, Mama," akaiambia, akajibu maswali huku machozi yanamtoka.

Akapita mtihani! Hata maji hakunywa, akapiga Buffalo mbio.

"Mama, samahani, sikuweza kushika simu. Lakini nimepita!"

Nyuma alisikia viti vikiburutwa, watu wakijiinua sakafuni na kuguna.

"Tulikuwa watu kumi na wanne," Kanyange alisema polepole. "Wengine wameomba ruhusa kule kiwandani Tonawanda. Tumepiga magoti tangu asubuhi, tunangoja tu ushike, tukuombee." Akavuta pumzi. "Donc, yaani umepita bila sisi?"

Bamurange, aliyekuwa na hasira tangu swali la nane, alipiga magoti, safari hii akafunga macho yote mawili. "Basi niombeeni sasa, Mama."