Laini ya Mwalimu Nthambi

Mwaka wa 2001 Levi Nzioka alikuwa fundi wa pekee katika kampuni ndogo ya intaneti mjini Machakos. Jumatatu moja alisimamisha seva mpya ya RADIUS, ile inayokagua neno la siri la kila mteja anayeingia mtandaoni kwa laini ya simu, kisha kumgawia anwani ya IP, namba ya kumtambulisha mtandaoni. Aliifanya kazi ile harakaharaka. Anwani chache zilizokuwa tayari za ofisi fulani za mjini akazisahau kwenye fungu la kugawiwa watu wote.

Mwalimu Nthambi, mjane aliyestaafu, ndiye aliyeumia. Binti yake Mukai alikuwa amelazwa India, amepasuliwa koo, hawezi kusema. Waliandikiana tu kwa barua pepe. Kila alfajiri Nthambi alikuwa wa kwanza kuingia, akapewa anwani ya kwanza, ambayo tayari ilikuwa ya ofisi moja, zikagongana. Modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, iliunganika vizuri, lakini hakuna kilichofunguka. Alimpigia Levi siku tatu mfululizo. Levi, bila kuitazama seva, alimwambia ni laini yake mbovu, aende kwa watu wa simu.

Alhamisi ofisi moja yenye anwani hizo ilipolalamika, Levi aliliona kosa lake. Alilirekebisha kwa dakika mbili, akaenda kula. Hakumpigia mwalimu.

Ijumaa asubuhi Nthambi aliingia ofisini. Alisema mkwewe amepiga simu, Mukai amefariki juzi. Aliomba afunguliwe barua zake.

Zilikuwa nne. Levi hakutaka kuzisoma, lakini ya mwisho ilikuwa mstari mmoja tu: "Mama, umenikasirikia?"



"Mwalimu," Levi alisema, "haikuwa laini. Ni mimi nilikosea hapa kwa seva."

"Ulijua lini?"

"Jana mchana."

Hakupaza sauti. Aliomba achapishiwe zote nne, akazikunja, akaondoka.

Mwili ulipoletwa, Levi alienda mazishini kwao Masii. Nthambi aliitikia salamu yake kwa upole, akamwonyesha mahali pa kuketi kama mgeni mwingine yeyote, akapita. Levi alikuwa amejiandaa kutukanwa; upole ule hakuwa amejiandaa nao. Alitoka nje ya ua, akaketi kando ya barabara, akalia mpaka watu wakaanza kutawanyika.