Simu ya Upande wa Kushoto

Adhis alikuwa na jibu la kila kitu, na mtaa mzima wa Kianda ulijua. Mtoto akitapika, Adhis anajua kilichomtapisha. Mwenye ploti akikataa kurekebisha choo, Adhis anajua sababu, tena atakutajia mpaka shemeji aliyemtia maneno. Kazi yake ilikuwa kushona nguo huko Kawangware, kwenye baraza la nyumba ya Nduta, mwendo wa saa nzima kwa miguu kila asubuhi. Lakini ukikaa naye dakika kumi ungedhani amesomea udaktari, sheria na ufugaji wa kuku kwa mpigo mmoja. Watu hawakumchukia. Ni raha kuwa na jirani anayejua, maana wewe unapumzika kufikiri. Adhis naye aliipenda hiyo kazi ya kujua kuliko alivyoipenda cherehani.

Ndiyo maana Filister alipogusa uvimbe kwenye titi lake la kushoto, akioga Jumapili moja ya mwezi wa Machi, alivaa, akavuka uwanja wa ploti yao ya vyumba vya kupanga na kumwendea Adhis.

Filister, au Mama Hope kama walivyomwita wote, alikuwa akikaanga samaki kando ya barabara upande wa kituo cha matatu cha Olympic. Mikono yake ilikuwa na mafuta kutwa, wateja walimpigia wawekewe samaki wao, na wanyakuzi wa simu walipita hapo kama watu wenye zamu. Kwa hiyo simu yake ilikaa pale ambapo wanawake wengi wa biashara huiweka: ndani ya sidiria, upande wa kushoto, ili mkono wa kulia uichomoe haraka. Ilikaa hapo miaka tisa. Kwa kweli zilikuwa simu tatu zilizofuatana, kwa sababu ya kwanza ilitumbukia kwenye karai la mafuta, na ya pili ilinyakuliwa siku ile moja tu alipoitia kwenye mfuko wa aproni.

"Kuna kakitu kagumu hapa," alimwambia Adhis, mlango ukiwa umefungwa.

Adhis hakugusa. Alimtazama, akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Mama Hope, wewe huweka simu wapi?"

"Si unajua. Hapa."

"Upande gani?"

"Huu. Wa kushoto."

"Basi," Adhis akasema, akaegemea kiti kama mtu aliyemaliza hesabu.

Alikuwa na ushahidi, tena wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa sauti ya daktari mmoja, iliyozunguka kwenye kundi la WhatsApp la chama chao cha kuweka akiba, akieleza kwamba simu hutoa miale na miale hupika nyama polepole. Daktari huyo hakutaja jina lake wala hospitali yake, lakini alikuwa na sauti nzito. Ushahidi wa pili ulikuwa kichwa cha Adhis mwenyewe. Mwaka uliopita kilimuuma miezi miwili, akaacha kulala na simu chini ya mto, na kikapona wiki hiyo hiyo. Kwamba wiki hiyo hiyo ndipo aliponunua miwani ya kushonea, hilo alilisahau kila alipokisimulia kisa hicho.

"Kwa hivyo nikiitoa?" Filister akauliza.

"Ukiitoa, uvimbe unanywea wenyewe. Ni kama kiatu kinachokubana. Ukikivua, si lengelenge linakauka? Mwili unajua kazi yake."

Filister akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetua ndoo ya maji. Akacheka, akaomba chai. Wote wawili walienda kanisani siku hiyo wakiwa na furaha, na hapo ndipo makosa yalipoanzia, kwenye furaha hiyo.

Adhis hakuwa mtu wa kutoa maneno matupu. Jumatatu hiyo alichukua mabaki ya kitenge, akayatia bitana ya jinzi kuukuu mara mbili ili miale isipite, akashona kifuko chenye mkanda wa kufunga kiunoni. Kilikuwa kizuri, hilo lazima lisemwe. Filister akakivaa juu ya aproni. Wateja wakauliza ni cha nini, naye akawaambia ni kinga ya miale ya simu, bila kutaja uvimbe. Kufikia mwezi wa Mei wanawake wote wa ule mstari wa wauzaji, muuza mboga, muuza mandazi, mama wa viazi, walikuwa na vifuko viunoni. Huko Kawangware Nduta mwenyewe, mwenye nyumba, ambaye aliamini vitu viwili tu duniani, Mungu na hati ya shamba, aliagiza vitatu.

Kila Jumapili Adhis aliuliza kwa sauti ya chini, "Imepungua?"

"Imepungua kidogo," Filister alijibu.

Adhis hakuomba kuona. Alijiambia ni adabu. Mtu hamwombi mwenzake afungue kifua chake. Adabu hiyo haikumgharimu chochote, na kila aliposikia "kidogo" alitembea siku nzima akiwa mwepesi. Hata kwenye mkutano wa chama, Filister alipoinuka akashukuru kwa ajili ya "afya yangu, na rafiki aliyenionyesha njia," Adhis alitazama chini kama mtu mnyenyekevu. Hakuwa mnyenyekevu hata chembe. Alikuwa amejaa fahari mpaka masikioni.

Mwezi wa Julai akina mama wa kanisa walitaka sare mpya za maadhimisho yao, na kazi ikaja kwa Adhis. Akapima wanawake ishirini na wawili. Filister hakuja. Alisema ana wateja. Wiki iliyofuata akasema mguu unamuuma. Mwishowe akatuma rinda lake la zamani, Adhis alitumie kama kipimo.

Adhis alilirudisha. "Mimi si fundi wa kukisia," alimwambia mlangoni. "Kesho uje Kawangware kama wengine."

Akaja, saa nne asubuhi, akasimama nyuma ya pazia la khanga ambalo Adhis hulitundika kwenye kona ya baraza. Adhis akapima mabega, akaandika. Akapima mgongo, akaandika. Akapitisha tepu kifuani, akaikaza kidogo kama anavyoikaza kwa kila mtu, na kidole gumba chake kikatua pale.

Vidole vya fundi wa nguo haviwezi kudanganywa. Vinajua pindo liko wapi hata gizani. Chini ya kitambaa chembamba cha blauzi kulikuwa na kitu kikubwa kama mbegu ya avokado, kigumu, kisichosogea. Na ngozi ya juu yake ilikuwa imeingia ndani, jinsi kitambaa kinavyojikunja uzi mmoja ukivutwa.

Adhis hakuondoa mkono.

"Mama Hope, hii haijapungua."

"Najua."

"Ulikuwa unaniambia imepungua."

"Ulikuwa unauliza ukiwa umefurahi sana," Filister akasema, akitazama pazia. "Ningesemaje?"

Wazo la kwanza lililomjia Adhis, na yeye mwenyewe alilikiri baadaye, halikuwa la Filister. Aliwafikiria wanawake wote wenye vifuko, na watakavyosema. Wazo hilo lilimaliza kama nusu dakika. Halafu likaja la pili, la Filister mwenyewe, akaogopa kwelikweli, akaona aibu, akataka kukaa chini na hakukuwa na kiti. Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Alihesabu kwa vidole vile vile.

Akaviringisha tepu. Akafunika cherehani, saa nne na nusu ya asubuhi, na kitambaa cha mteja kikiwa bado chini ya sindano. Akamwendea Nduta aliyekuwa ameketi mlangoni pake akichambua maharagwe.

"Mama, lile jambo la simu nilikosea."

Nduta akamtazama juu ya sinia. "Ulikosea namna gani?"

"Kile ni kifuko tu. Kinazuia wezi, basi. Kama kuna mtu anayesikia kitu kigumu mwilini, aende apimwe. Asikae akingoja kama mimi nilivyomkalisha mwenzangu. Uwaambie na hao wengine."

"Na wewe ulituambia kwa kinywa kipana hivyo," Nduta akasema.

"Nilisema," Adhis akajibu. Akamchukua Filister, wakarudi Kianda.

Ploti yao ya Kianda ilikuwa na mhudumu wa afya wa kujitolea, Ndanu, msichana mpole wa kutoka Machakos, aliyepita nyumba hadi nyumba akiuliza chanjo za watoto na kikohozi cha wazee. Walimkuta anafua. Akasikiliza mpaka mwisho, akakausha mikono, akawapeleka mwenyewe kwenye kituo cha afya. Hakuwagombeza njia nzima. Angewagombeza ingekuwa afadhali.

Muuguzi, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mutheu, alimpima Filister pole pole, kifua na kwapa, kisha akamwambia avae.

"Uliuona lini mara ya kwanza?"

"Machi."

"Na tangu Machi ulifanya nini?"

"Nilihamisha simu," Filister akasema. "Ilikuwa inakaa hapa. Nikaihamishia kiunoni."

Muuguzi akaweka kalamu chini.

"Sikiliza, mama. Mambo ya simu yamechunguzwa miaka mingi, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba inaleta uvimbe kwenye titi. Ukitaka kuiweka mbali na mwili, iweke, sikukatazi. Lakini tuseme hata ndiyo iliyouleta. Ukiitoa simu, uvimbe ungeenda wapi?"

Adhis, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alilisikia swali hilo kama linaulizwa yeye peke yake. Lilikuwa rahisi kiasi kwamba mtoto wa darasa la pili angeliuliza. Miezi mitano, na yeye na akili zake zote hakuliuliza.

"Nani alikuambia ufanye hivyo?"

Filister akafunga vifungo vya blauzi.

"Ni mimi," Adhis akasema.

"Wewe ni daktari?"

"Fundi wa nguo."

Muuguzi alimtazama kidogo tu, kisha akageukia karatasi na kuandika barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko wakamtoa Filister kipande kidogo cha nyama kwa sindano ili kipimwe, wakawaambia warudi baada ya wiki mbili. Adhis hakushona vizuri wiki hizo. Alitia mikono miwili ya kushoto kwenye sare moja na ikabidi afumue.

Siku ya majibu walikaa kwenye benchi refu la mbao, kwenye korido ya ile hospitali kubwa, iliyojaa watu. Filister alikuwa amevaa vizuri, kitambaa kichwani, na viatu vya Jumapili. Adhis aliwahesabu waliokuwa mbele yao. Halafu akashindwa kujizuia.

"Nisamehe, Mama Hope. Mimi ndiye nimekuua."

"Usijipe ukubwa," Filister akasema.

Alikuwa amekasirika, na hakuficha. Akageuka akamtazama Adhis usoni.

"Ndanu anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu. Siku ile nilitoka kuoga nikampita, akanisalimia kabisa, nikamjibu, nikaja kwako. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yeye angenipeleka kupimwa siku hiyo hiyo. Wewe nilijua utanipa dawa ya nyumbani. Nilikuja kwako kwa sababu sikutaka kujua. Nimekukasirikia, usidhani sijakasirika. Kila Jumapili uliponiuliza nilitamani uniambie nifungue uone. Hukusema hata siku moja. Lakini hata mimi nilikuwa na mdomo."

Adhis akaitikia kwa kichwa. Machozi yalimshuka na hakuyapangusa.

Muuguzi mmoja wa hapo alitoka, akaita jina la mtu mwingine. Mzee mmoja akainuka, akaingia, mlango ukafungwa.

"Sasa nikuulize kitu," Filister akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, hasira imekwisha, na kilichobaki kilikuwa woga mtupu. "Nitapona?"

Adhis akafungua mdomo. Majibu yalikuwepo, mengi tu. Kulikuwa na mama mmoja wa Lindi, mtaa wa jirani, aliyekatwa titi miaka kumi iliyopita na hadi leo anauza mkaa. Kulikuwa na majani ya mstafeli ya kuchemsha. Kulikuwa na Mungu, ambaye hakuna wa kumpinga. Filister alikuwa anamtazama kwa macho yale yale ya Machi, akingoja apewe kitu cha kushika, na Adhis alitaka kumpa kuliko alivyowahi kutaka chochote.

"Sijui," akasema.

Filister akasogea kwenye benchi mpaka mabega yao yakagusana, akauchukua mkono wa Adhis akauweka mapajani pake, akaushika kwa mikono miwili.

Wakakaa hivyo mpaka mlango ulipofunguliwa, likaitwa jina la Filister, wakainuka wote wawili.