Arsène Anaupima Mtaa kwa Nyundo

Mama Pélagie alikuwa barazani kwake, mtaa wa Kasuku mjini Kindu, akichambua mchele wa Kibombo kwenye ungo, mume wake Arsène alipopita na nyundo. Aligonga bomba la maji, likalia vizuri. Aligonga sufuria ya jirani, ikalia vibaya, akaitia msalaba wa chaki, akaendelea na njia. Arsène alikufa miaka ya vita. Nyundo ilikuwa ileile ya mpini mrefu, na koti la reli lilelile, ila sasa lilikuwa limekauka. Mwanzoni aliporudi lilidondosha maji ya mto Lualaba kwenye baraza za watu, na wanawake waliotoka kufagia walinung'unika.

Alipokuwa hai kazi yake ilikuwa hiyo. Gari la moshi halikuondoka Kindu kabla Arsène hajapita akigonga magurudumu, moja moja. Gurudumu zima linaimba. Lenye ufa linajibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Ufa wenyewe huuoni. Unaanza kama unywele, kila mzunguko unaongezeka kidogo, na siku gurudumu linapovunjika mzigo si mzito kuliko wa jana. Chuma hakilalamiki kabla. Ndiyo tofauti yake na wanaume.

Wakati wa vita Gédéon, aliyekuwa akipakia mizigo ya wakubwa, alitaka behewa moja liondoke haraka. Arsène aligonga, akasikiliza, akasema haliendi. Gédéon akawaambia askari kwamba huyu anachelewesha makusudi, anawafanyia kazi wale wa porini. Arsène alipelekwa mtoni. Behewa likaondoka na watu wamekaa juu ya magunia, na gurudumu likavunjika kabla ya kufika Kibombo. Waliokufa walizikwa kando ya reli. Gédéon hakuwa safarini. Leo anauza sementi na vyuma vya kujengea, na kanisani anakaa benchi la mbele.

Kwa kuwa gari la moshi siku hizi linakuja linapojisikia, Arsène alimaliza reli, akaingia mtaani. Wenye pikipiki waliona ni faida. Jioni walizipanga mstari awagongee vyuma vya mbele. Halafu akaanza kugonga watu. Bega moja, taratibu. Jirani Bibiche alisimama, mikono kiunoni.

"Shemeji, unipige polepole. Mimi siko reli."

Bibiche akalia vizuri.

"Mulisikia? Na munaniitaka muzee!"

Arsène hakucheka. Akiwa kazini hakuwahi kucheka, na kifo hakikumbadilisha.

Mama Pélagie alikuwa na shida moja tu. Kila jioni alipika sombe ya majani ya mihogo, akaacha mlango wazi. Arsène aligonga nguzo ya mlango, akagonga kiti, kinu, hata ungo uliokuwa mapajani mwa mke wake, akaenda. Hakuingia. Hakusema kitu. Ila mke mwenyewe, Arsène hakumgonga. Neno moja lingemtosha Mama Pélagie, kwa sababu tangu vita, ndani ya nyumba ile, alikuwa akiongea na vyungu, na vyungu vilianza kumchoka.

Jioni moja Gédéon alishuka kwenye pikipiki wakati Arsène anapita. Watu wakatoka barazani. Hakuna asiyejua alichomfanyia Arsène. Gédéon alifungua kifungo cha shati, akatoa bega.

"Piga, muzee. Mimi siogopi."

Arsène akapiga. Gédéon alilia kama kengele ya misa. Sauti ilivuka mto mpaka Alunguli, na watu wa mitumbwi wakageuza vichwa. Arsène akapiga bega la pili. Vilevile. Hakutoa chaki. Ufa unapatikana kwa kubeba, na Gédéon siku zote alibebesha wengine.

"Mulisikia?" Gédéon akauliza, akifunga shati.

"Tulisikia," watu wakasema, na ilikuwa kweli. Jumapili iliyofuata walimchagua kuongoza kamati ya kujenga kanisa jipya.

Lakini jioni ileile, kabla watu hawajatawanyika, Mama Pélagie aliweka ungo chini, akasimama mbele ya mume wake katikati ya njia.

"Na mimi? Kila kitu ya hii nyumba ulipiga, mpaka kinu. Mimi njo siko kitu?"

Arsène aliangalia nyundo. Akapiga. Ilitoka sauti ya mgomba uliopigwa kwa kiganja. Akasogeza sikio, akapiga tena, polepole zaidi, kama mtu anayetaka kuwa amekosea. Halafu akasema neno lake la kwanza tangu vita.

"Umechoka."

Watu wa reli wakisema chuma kimechoka, hawasemi kipumzike kipone. Kinatolewa, kinasukumwa pembeni, hakibebi tena. Watu wa nyumbani ni tofauti. Mwanamume akimwambia mke wake umechoka, maana yake kaa, nipe huo ungo. Arsène alikuwa mtu wa reli. Mama Pélagie alikuwa mtu wa nyumbani.

"Ee, bwana yangu," akasema. "Nimechoka sana."

Arsène akamtia msalaba mgongoni kwa chaki, mistari imenyooka vizuri, akaenda.

Kilichotiwa msalaba hakigongwi tena. Ndiyo sheria ya kazi. Tangu hapo Arsène anapita upande wa pili wa njia. Anagonga mlango mpya wa Gédéon, wa chuma, unalia safi, na Gédéon anamsalimia kutoka ndani.

"Yaya," Bibiche akamwambia Mama Pélagie, kama mtu anavyomwita dada mkubwa, "bwana yako hapiti tena kwako. Haikuumi?"

"Alinisikiliza mpaka ndani, akaniambia nimechoka. Wako, yule mwenye kulala pale, alishakuambia?"

Kutoka nyumbani kwa Bibiche mume wake aliita, akiuliza bugali iko wapi.

Bibiche akaenda kupika.