Tuonyeshe Kaburi

Trekta lilikuwa limeshawashwa na watu walikuwa wanapanda tela.

Eliasi aliwaona kutoka kibarazani, alikokaa akikwangua mkonge kwa kipande cha panga. Maji ya mkonge yalimchirizika mpaka viwikoni, yakamwasha, ila hakujikuna. Zamani kazi hii ilifanywa na korona, mtambo mkubwa wa shamba. Serikali ilipouza shamba, mwekezaji aling'oa mtambo akauuza chuma chakavu. Watu wa Kambi ya Chini walibakiziwa vyumba vya kambi, walimopangwa babu zao waliokuja kukata mkonge, na mkonge uliojiotea wenyewe.

"Kaka Eliasi, hupandi?" Alikuwa Rosina, mama wa kwaya, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Alivaa nguo za Jumapili siku ya kazi. Wote walivaa hivyo. "Tunakwenda kumtolea damu Ritha. Hali yake mbaya."

"Nina kazi."

"Mkonge utakukimbia?"

Watu wakacheka. Kaleb, mume wa Ritha, alisimama mbele ya tela akimpa mkono kila anayepanda, macho mekundu, akisema asante ndugu zangu, asante. Hata mzee mmoja asiyekwenda popote kwa sababu ya mguu alinyanyuliwa akapakiwa. Eliasi alitafuta mtu aliyebaki nyuma, hakumwona. Trekta lilipoondoka kuelekea mjini Korogwe, aliomba lizimike njiani. Aliomba kwa maneno kabisa, midomo ikicheza.

Masika iliyopita mkewe Mashavu alilala hospitali hiyohiyo alikolazwa Ritha, akitokwa damu namna hiyohiyo, baada ya kujifungua mtoto aliyekufa. Daktari alisema akiba ya damu imekwisha, alete ndugu. Eliasi alikimbia kambini. Watu walitoka, tena wengi, wakajaa pale kisimani. Ila kwenye tela kulikuwa na magunia ya mahindi ya Mdoe, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye mwekezaji alimwachia trekta alitunze. Mnunuzi alikuwa anangoja Handeni.

"Vumilieni kidogo," alisema Mdoe. "Mzigo umeshafungwa, naushushaje?" Akaenda pembeni, kichwa kwenye simu.

Haukupita muda simu za watu zikaanza kulia. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, ya mwanamume, ya harakaharaka: jamani msitoe damu, Leboo mfugaji wa Handeni kafyonzwa kupita kiasi, kaanguka mlangoni pa hospitali, kafa, na damu yake imeuzwa. Mtumie umpendaye. Leboo walimjua, kila kiangazi alipitisha ng'ombe wake hapo kambini. Sauti iliingia kwenye grupu la kambi kutoka simu ya Mdoe. Watu wakaangaliana. Huyu akakumbuka mbuzi hakumfunga, yule akakumbuka mtoto ana homa. Kisima kikabaki peke yake. Trekta likaenda Handeni na mahindi.

Eliasi alitoa damu yake mwenyewe. Haikutosha.

Uongo ule ulikuja kuumbuliwa na adabu. Palizi ilipokwisha, akina mama wa kambi walisema ni aibu: mtu tunayemfahamu kafa, mpaka leo hatujakwenda kuhani. Rosina akawaongoza hadi bomani kwa Leboo, huko kwenye nyika ya Handeni, wamebeba unga na maharage. Walianza kulia wakiwa bado mbali, kama inavyotakiwa. Noonkipa, mke wa Leboo, akatoka kuwapokea.

"Mama zangu, mnamlilia nani?"

Nyuma yake akatokea Leboo, kikombe cha chai mkononi. "Nimekufa lini mimi? Na ng'ombe wangu karithi nani?" Damu hakuwahi kutoa, wala hospitali hiyo hakuijua mlango.

"Marehemu kala maharage ya msiba wake," Rosina alisimulia kisimani waliporudi, "tena kaomba kuongezwa!" Kambi nzima ilicheka mpaka wengine wakakaa chini. Eliasi alikuwepo. Naye alianza kucheka, kisha akaacha. Alingoja mmoja wao amgeukie. Waliendelea kufuta machozi ya kicheko.

Kuanzia hapo kambi ikawa na kanuni yake. Ujumbe wa kutisha ukija, hautumwi kwa mwingine mpaka pameulizwa: kaburi liko wapi? Anachaguliwa mtu, anakwenda kuona kwa macho. Walipoambiwa dawa ya kutibia maji inaua watoto huko Mashewa, walimtuma mtu Mashewa, akawakuta watoto wanacheza mpira. Mdoe alipoona jambo limeshika, akaliita kamati, na uenyekiti akaushika yeye. Sauti ya Leboo ilipofufuka tena, wiki ile ya Ritha, Rosina aliandika kwenye grupu: "Huyu marehemu tumekula naye." Watu wakaenda kutafuta nguo za Jumapili.

Ritha alirudi hai na mtoto.

Chumba chao na cha Eliasi viligawana ukuta. Alisikia Kaleb akipuliza uji, akisema kunywa mama, kunywa kidogo. Alisikia kicheko cha yule mwanamke. Asubuhi alimwona akianika nepi, taratibu, mkono mmoja umeshika kamba, na ndani ya kanga ile ilikuwa inatembea damu ya Rosina, damu ya mzee wa mguu, damu ya watu wote waliokumbuka mbuzi zao.

"Shikamoo kaka Eliasi."

Akainamia mkonge wake.

Jumamosi mtendaji wa kata, Bwana Godlisten, alikuja kuiona kamati ya mfano. Mdoe alihutubia. Alieleza jinsi kambi ilivyojifunza kuupima uongo wa mitandaoni, na jinsi Ritha alivyookolewa. "Na dada yetu Mashavu," alimalizia, "ndiye aliyetufundisha kwa kifo chake." Watu wakapiga makofi.

Eliasi akasimama.

"Nauliza. Ile sauti ya Leboo, siku ya mke wangu, nani aliileta kambini?"

"Mzee Eliasi, hayo yamepita," alisema Mdoe.

"Ilitoka kwako. Na kwenye tela mlikuwa na mahindi yako."

Watu wakatoa simu mifukoni. Wakapandisha ujumbe wa grupu, wakapandisha, hadi masika. Mahali pa sauti palikuwa na mstari mmoja: ujumbe huu umefutwa.

"Una ushahidi?" aliuliza mtendaji.

"Wote hawa walikuwepo. Rosina, sema."

Rosina alijifunga kanga upya, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri. "Sauti niliisikia. Ya kusema ilitoka simu ya nani, kuapa siwezi." Trekta bado lilikuwa mkononi mwa Mdoe, na binti wa Rosina alikuwa na mimba ya miezi saba.

Mdoe hakukasirika hata kidogo. "Ndugu zangu, kanuni yetu inasemaje?"

"Kaburi liko wapi!" waliitikia kama darasani.

"Kaburi ninalo," alisema Eliasi. "Liko pale nyuma ya kanisa. Twendeni nikawaonyeshe."

Hakuna aliyeinuka.

"Kaburi lile linaonyesha mtu kafa," alisema Mdoe kwa upole. "Halisemi nani kasema nini. Ila na mimi niulize. Siku ya tela, nani alibaki kambini? Tangu Ritha arudi, nani kamsikia huyu akimpa pole? Wivu, jamani. Wivu wa mfiwa. Tumwombee."

Kaleb akasimama. "Kaka, kweli ulitaka mke wangu afe?"

Jibu lilikuwa neno moja, na kila mtu alilingojea. Eliasi alifungua mdomo. Ritha alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto kifuani, anamtazama. Neno halikutoka.

"Taarifa za uongo ni kosa la jinai, mzee," mtendaji alisema huku akifunga mkoba. "Leo nakuonya tu. Mwenyekiti, mjini siku hizi uongo tunaupiga muhuri, watu wasidanganyike. Nitakuonyesha inavyofanywa."

Eliasi alitoka, akaenda nyuma ya kanisa peke yake. Alisimama kando ya msalaba, akanyoosha mkono kuelekea chini, hivyohivyo, kama vile wamemfuata. Alikaa vile kitambo. Kumbe nyuma yake mtu mmoja wa kamati alikuwa amemfuata kweli, ila kwa kamera ya simu.

Picha iliingia kwenye grupu kabla hajafika nyumbani. Ilikuwa nzuri, ya jua. Juu yake limegongwa neno UZUSHI kwa wino mwekundu. Herufi zilianzia begani kwa Eliasi, zikashuka na mkono wake ulionyooka, zikapita juu ya msalaba, zikafunika jina la Mashavu.

Chini ya picha madole gumba yakaanza kupanda. La kwanza lilikuwa la Kaleb. Baadaye kidogo likaja la Rosina.