Hori la Bwana Tuckwell

Barua ilitoka Uingereza mwaka wa 1993, na kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa kizito, Chifu Njue wa Runyenjes aliipeleka moja kwa moja kwa Mwalimu Nelius.

Nelius aliisoma mara mbili. Bwana mmoja Tuckwell, aliyekufa zamani sana, alikuwa ameanzisha gazeti ndani ya zizi la kukodi, akilisambaza mwenyewe kwa farasi mmoja, mpaka farasi akaanguka na kufa mlangoni pa msomaji. Baadaye alitajirika, akajenga hospitali, akalea mayatima, lakini yule farasi hakumtoka moyoni. Wasia wake uliagiza kila mji wenye mlima mkali uliowahi kutawaliwa na Waingereza ujengewe hori la maji kwa ajili ya farasi waliochoka. Zamu ya Runyenjes ilikuwa imefika.

"Chifu, hapa hatuna farasi. Tuwaandikie ukweli."

"Tukatae maji, Mwalimu? Hapana!"

Kwa hivyo mchukuzi mmoja, Kithaka, akaitwa kutoka Mbeere, kule kwenye ukame, aje na punda wake apitishwe kama farasi.

Alhamisi alifika mwakilishi wa wasia, Mzungu mrefu kwa jina Whitlock. Alimzunguka punda mara tatu, Nelius akimtafsiria.

"Anasema masikio atayafumbia macho. Lakini wasia unataka aliyechoka. Huyu hajachoka."

"Ametembea tangu jana!" Kithaka akafoka.

Punda alikuwa akitafuna majani ya uzio, nguvu zake zote anazo. Ikabidi achoshwe. Chifu akavuta, Kithaka akasukuma, wakapanda mlima na kushuka, huku Nelius, viatu mkononi, akiwafuata na kusimulia kwa sauti maisha ya marehemu kama wasia ulivyoagiza. Safari ya nne Chifu aliketi matopeni na kofia yake ya serikali. Kithaka akalala chali kando yake. Nelius alipofika pale farasi anapokufa, alijikuta analia barabarani kwa ajili ya mnyama wa watu asiowajua. Punda alikuwa bado anatafuna.

Nelius akamgeukia Whitlock. "Hatuna farasi, bwana. Mlima huu tunaupanda sisi, na mitungi mgongoni."

Whitlock alisoma wasia tena, ukurasa kwa ukurasa. Hakuona mahali palipoandikwa farasi awe na miguu mingapi. Akatoa fomu. Akamwomba Chifu afungue mdomo, akahesabu meno yake, akaandika. Penye rangi akaandika "kahawia". Penye tabia, baada ya kufikiri, "mvumilivu".

"Ananiandika farasi?" Chifu akanong'ona.

"Farasi watatu, Chifu. Weka sahihi."

Akaweka, akapiga na muhuri.

Hori lilijengwa kabla ya Krismasi, na mfereji wa bomba juu yake. Siku ya kwanza akina mama walipanga mitungi hadi barabarani. Nelius alikunywa kwa viganja, akajipangusa kidevu, akaenda darasani akiwa amechelewa.