Kidole cha Mama

"Usinitajie ujirani," nilimwambia. "Jirani hachukui wembe wa ndevu za watu akamchinja mama yangu kidole."

"Nani kachinja? Nimeparua sugu tu, kama ninavyoparua siku zote."

"Na ile dawa uliyompaka?"

"Ya dukani ile. Boksi lake lina picha ya mguu."

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwake, taulo begani, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa anatuchungulia kwenye kioo. Pale uani kila mpangaji aliyekuwa na kazi mkononi aliiacha. Waache wasikie, ndicho nilichokitaka. Mama yangu anapiga pasi kwa dobi, kutwa wima, na ana kisukari. Asubuhi ile nilimkuta anajichemshia chai huku kila anapokanyaga anaacha doa jekundu sakafuni, wala hana habari. Kidole chake cha mwisho, mguu wa kulia, kilikuwa kimevimba na kubadilika rangi.

"Hukujua ana kisukari?"

"Aliniambia ameacha sukari. Nikajua anapunguza mwili."

Nyuma ya kamba ya nguo mtu alicheka. Mimi sikucheka.

"Ni mzizi ulibaki kidogo, mwanangu," kinyozi akabembeleza. "Mwezi huu ningeutoa wote. Ukishatoka mzizi, sugu hairudi."

"Kidole hiki kikikatwa nitakuletea ukinyoe."

"Wewe, shika adabu," mama akanikemea kutoka kwenye kigoda. "Huyo ni kama mjomba wako. Na kidole chenyewe hakiniumi."

Nikamfunga mguu, nikabeba viatu vyake, nikamkokota kituoni. Kabla gari halijaja tukamwona kinyozi anakuja mbio, nywele za watu zimemjaa shatini.

"Nani kakuita?" nikamuuliza.

"Nimemkata mimi. Daktari nitamweleza mwenyewe."

Daktari wa miguu alikuwa mwanamke mfupi mwenye taa kwenye paji la uso. Akauliza nani aliyekata, kinyozi akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Nilitegemea atamfokea. Hakumfokea, na hilo likanichoma zaidi. Akachukua kijiti chenye uzi mwembamba wa nailoni.

"Mama, fumba macho. Ukihisi nakugusa, sema ndiyo."

Akagusa kifundo. "Ndiyo," mama akasema. Akagusa chini ya vidole. Kimya. Akagusa pembeni, akarudia chini, mpaka mara tano.

"Mbona umeacha, daktari?" mama akauliza.

Daktari akakiweka kijiti mezani.

"Ndiyo maana hakikuumi," akasema. "Hakijapona. Mishipa ya fahamu imekufa ganzi."

Akaanza kuparua kwa kisu chembamba, polepole, ngozi iliyokufa ikidondoka vipande vyeupe kama nta ya mshumaa. Kinyozi alisogea aone. Lazima niseme, aliuangalia mkono wa daktari kwa heshima.

"Mzizi uko wapi?" akauliza.

"Hakuna mzizi, mzee. Ngozi ikibanwa na kusuguliwa, inajikinga kwa kunenepa. Katikati inakaza kama kokoto, inachoma ndani. Ukikata ukaacha kinachobana, itarudi tu. Na ile dawa yako ni asidi. Haijui tofauti ya ngozi iliyokufa na ngozi nzima."

Chini ya sugu palikuwa na shimo, upana wa punje ya mahindi. Akalipima kina.

"Halijafika kwenye mfupa," akasema. "Mngechelewa wiki moja, tungekuwa na mazungumzo mengine."

Nikamgeukia kinyozi. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema kwa sauti."

"Dada, subiri," daktari akanikatiza. "Nipe viatu vyake."

Akaukanyagisha mguu mzima wa mama kwenye karatasi, akauchora kwa kalamu, kisha akaweka kiatu chake juu ya mchoro. Mguu uliochorwa ulitokeza pande zote mbili. Kiatu chenyewe cheusi, mbele kimechongoka, kina kibati cha dhahabu.

"Hivi alivinunua nani?"

Mama akatazama ukuta. Kinyozi akatazama viganja vyake.

Nilivinunua mimi, kwa mshahara wangu wa kwanza kule saluni ninakofanya kazi, miaka miwili iliyopita. Sikumuuliza namba. Nilivijaribu mguuni kwangu, nikamwambia muuzaji mimi na mama tumefanana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulivileta unacheka," mama akasema.

Hapo hasira ya asubuhi ikawa mchezo mbele ya hii. "Miaka miwili, mama? Unasimama na pasi, vidole vinapondwa, ili mimi nicheke?" Nikamgeukia kinyozi. "Na wewe ulijua."

"Alinikataza nisikwambie."

"Kwa hiyo nimekutukana mbele ya nyumba nzima, ukanyamaza."

"Nilikuwa nimemkata kweli."

"Hilo halikuondolei kosa la wembe."

"Sijasema linaniondolea."

Daktari akaosha kidonda, akakifunga, akakizungushia sifongo ili kisiguswe na chochote. Vidonge, viatu vya wazi vipana, na arudi kila baada ya siku tatu. Kusimama marufuku. Pasi, akipona, atapigia kwenye kiti.

"Kidole kitabaki?" nikauliza.

"Safari hii kitabaki. Mkinisikiliza."

Uani walikuwa wanatungoja wote, na mteja wa nusu kichwa katikati yao, kofia imemkaa upande.

"Kimekatwa?" mmoja akauliza, jicho kwa kinyozi.

"Hakijakatwa," nikasema. "Na viatu vilivyomharibu nilimnunulia mimi, vidogo. Mimi mwenyewe. Mmesikia, au nipande juu ya ndoo?"

Wakapata kazi ghafla. Nikamkabili kinyozi mlangoni kwake.

"Ukigusa tena mguu wa mtu mwenye kisukari, mimi na wewe hatutajuana."

"Sigusi."

"Wala asiye nacho."

"Wala asiye nacho. Umemaliza?"

"Bado."

"Basi mwingize mama yako akae, daktari kasema asisimame." Akasogea kutupisha, akamwambia mkewe aongeze sahani mbili. "Hizo lawama zilizobaki utanimwagia mezani. Ingieni tule."